Jambia la Kanali na Kadi ya Si Safi

Jumatano, 5 Machi

Siku kubwa! Chama cha Wakusanyaji wa Silaha za Kale kinatafuta Mkaguzi Mkuu. Yule wa zamani amejiuzulu kwa sababu ya macho. Mwenyekiti, ambaye ni daktari wa meno, ametangaza kwamba tutashindania jambia moja tu, la Kanali. Atakayelikagua vizuri na kulieleza mbele ya wanachama Jumamosi ya tarehe kumi na tano ndiye atakayepewa cheo. Wagombea wawili. Mimi, na fundi saa tunayemwita Lenzi, kwa kuwa ile lenzi yake haibanduki jichoni hata akila.

Mchana mimi ni mtunza stoo katika duka la mabomba na koki. Hiyo ni riziki. Wito wangu ni majambia ya kijeshi. Nimesoma vitabu viwili kuhusu majambia, kimoja mpaka mwisho.

Kanali si kanali. Ni mwalimu mstaafu, na jina alipewa na wanafunzi kwa jinsi alivyokuwa akiwapanga mstarini. Ana miaka themanini kasoro mmoja. Jambia ni la babu yake, ambaye ukoo mzima ulimwita Babu Ukoko, na hakuna aliyebaki hai anayejua kwa nini. Kanali anasema babu alikwenda nalo vitani. Dada yake Kanali, mama mmoja mkali, anasema babu hakwenda vita yoyote, alikuwa mpishi tangu ujana hadi kifo, na hicho kisu alikiokota. Wamebishana miaka hamsini. Siku hizi hata salamu wanatumiana kwa watu.

Leo Kanali alinikabidhi jambia likiwa limefungwa kwenye kitambaa cheupe. Aliushika mkono wangu muda mrefu. Akaniambia hataki sifa wala cheti, anataka kujua tu kabla hajaondoka kwamba babu alikuwepo vitani. Machozi yalimlenga. Mimi pia yalinilenga, nakiri.

Nimeomba nikague kwanza, nyumbani kwangu, kwa utulivu. Lenzi atakagua siku yenyewe, mezani, dakika kumi. Amekubali huku akitabasamu. Tabasamu la nini?


Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya ukaguzi kwenye meza ya kulia chakula. Glavu nimevaa za mpira, za kazini, zile ndefu mpaka kiwiko. Ndizo zilizokuwepo.

Mama mkwe alikuja kusimama nyuma yangu. (Mama mkwe alikuja kututembelea kwa wiki moja. Hiyo ilikuwa Novemba.) Aliuliza kisu hicho ni cha nani. Nikamsahihisha kwa adabu: jambia, Mama. Akalichukua kwa mikono mitupu! Akaligeuza, akalinusa, akasema kisu hiki kimekata vitunguu vingi, kwani tumbo lake limelika kama kisu chake yeye cha jikoni. Nilicheka kwa ndani. Mama mkwe hachekwi kwa sauti.

Niliyoyaona ni haya. Ncha ipo. Makali yamelika katikati: dalili ya mapigano ya muda mrefu. Mpini ni wa pembe, una ufa, haujalegea. Ala ni ya ngozi, mshono umefumuka. Karibu na mpini kuna doa jeusi: damu ya adui, bila shaka. Ubapa wote umefunikwa na kutu ya kahawia iliyokomaa. Nzuri mno! Niliitazama hiyo kutu mpaka chai ikapoa.

Hapa ndipo asiyejua hukosea. Kutu ile sisi tunaiita rangi ya uzee. Ndiyo cheti cha kuzaliwa cha jambia. Haiguswi kabisa. Ukiifuta ni kama umemnyoa mzee nyusi.

Kisha daraja. Chama chetu kina madaraja manne: Safi Kabisa, Safi, Si Safi na Hoi. Neno hili safi kwetu halina uhusiano wowote na sabuni. Maana yake ni kwamba jambia lina hali njema. Kwa ule ufa na mshono uliofumuka, nimelipa daraja la tatu. Nikaandika kwenye kadi kwa herufi kubwa, SI SAFI, nikaifunga kwenye mpini kwa uzi.

Mke wangu alipita, akasoma, akauliza kwa nini nisiandike sentensi nzima ili mtu aelewe. Nikamwambia kila fani ina lugha yake. Mtaalamu hafafanui. Akasema haya, akaenda zake.


Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimerudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni. Mezani kulikuwa na kitu kinachong'aa. Nikadhani mke wangu amenunua kijiko kipya cha kupakulia. Nikasogea. Kilikuwa na mpini wa pembe. Mpini ulikuwa na ufa. Uzi ulikuwa na kadi yangu.

Pembeni alikaa mama mkwe, mikono ya nguo imekunjwa, mbele yake waya wa kusugulia masufuria, jivu kwenye kisahani na nusu ya limau. Alikuwa amechoka lakini ana furaha. Akaeleza kwamba asubuhi aliiona kadi. Akasikitika, maana mwanamume kufikia kuandika barua kwamba chombo si safi, basi amesema kwa mdomo hadi amechoka na mkewe hasikii. Akaona aondoe aibu ya binti yake mwenyewe. Saa tatu nzima amesugua! Bega linamuuma.

Kutu ya miaka mia. Saa tatu.

Mkwe hafokewi. Mtu anaweza kupiga ngumi ukuta, anaweza kung'ata mto, lakini mkwe hafokewi. Nilifungua mdomo ukatoka upepo. Nikajaribu tena. Nikasema: Asante, Mama. Akasema si neno, mwanangu, na kama kuna vingine niviandikie tu.

Sikuweza kulitazama lile jambia. Nimelifunga kwenye taulo, nimeliweka chini ya kitanda, nami nimekaa juu ya kitanda. Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipopata pumzi aliuliza kwa nini nisimwendee Kanali nikamwambia ukweli. Ukweli! Na cheo je?


Jumamosi, 8 Machi

Nimelala juu ya tatizo na nimeamka na jibu. Kutu ni nini? Ni chuma na unyevu na muda. Chuma ninacho. Unyevu upo. Muda nitausukuma.

Ndoo. Siki chupa mbili. Chumvi vikombe vinne. Nimelitumbukiza jambia bila kulitazama, uso nimegeuzia ukutani, nikaificha ndoo nyuma ya tangi la maji. Kadi nimeiacha ining'inie nje ya ndoo, kwa sababu jambia bila kadi ni kisu tu.

Mke wangu aliniona nikipita na chumvi. Aliposikia ya nini, alisema kutia chumvi ndiyo kazi pekee ambayo sijawahi kufundishwa na naiweza. Nimempuuza. Wivu ndani ya nyumba ni mbaya.


Jumapili, 9 Machi

Kutu imetoka! Rangi yake ni ya karoti, lakini ni kutu. Ikipata siku mbili tatu itatulia.

Kanali alipiga simu kuuliza hali ya jambia. Nikasema limepumzika. Akauliza kama nimeona chochote cha babu. Nikasema dalili zinatia moyo. Alishukuru mara tatu na nilipokata simu sikujisikia vizuri. Hali hiyo ilidumu kama robo saa.

Alasiri akaja Lenzi. Eti alikuwa anapita. Nyumba yangu iko mwisho wa njia, hakuna anayepita kwenda popote! Akavuta pumzi, akauliza mbona uani kunanukia siki. Akili yangu ni kali nikibanwa: nikasema nina kiungulia, nakunywa siki ndiyo dawa. Akanipa pole. Akasema hata mjomba wake anaitumia, kikombe kizima baada ya chakula. Kisha akakaa. Akatulia tuli kwenye kiti akinitazama kwa lile jicho lenye lenzi, akisema nisijali uwepo wake, ninywe tu dawa yangu.

Nimekunywa. Kikombe kizima. Alipoondoka alinitakia nafuu, na sasa nina kiungulia kweli.


Jumatatu, 10 Machi

Nimerudi kutoka kazini. Mezani kunang'aa.

Mama mkwe aliigundua ndoo alipokwenda kuanika nguo. Aliuona uzi, akaufuata, akakuta kadi. Amesugua upya, safari hii na mchanga laini pia. Ameniuliza kwa upole kama kazini kuna jambo linanisumbua, kwa maana yeye anafuata kadi, anasafisha, halafu mwandishi wa kadi anakwenda kukichovya kisu katika maji ya uozo. Nikasema nilikuwa nakiloweka. Akasema kisu si kunde.

Asante, Mama.

Taulo. Chini ya kitanda. Sikutazama.


Jumanne, 11 Machi

Jumanne ni siku ya gari la taka. Hupita asubuhi, hupiga honi mara mbili, na tangu Novemba halijawahi kumpita mama mkwe. Huwa tayari yuko getini na mzigo wake. Anasema nyumba haitunzwi kwa kinachoingia, hutunzwa kwa kinachotoka.

Leo vimetoka ndoo, chupa za siki na kitabu changu cha majambia. Kile nilichokimaliza! Nililalamika kwa kiwango anachoruhusiwa mkwe, yaani nilikohoa. Akasema aliniuliza kama bado nakihitaji nikatikisa kichwa. Nilikuwa napiga mswaki.

Basi amepitisha sheria. Kuanzia leo hafanyi kitu kwa kuambiwa juu juu. Kama nataka kitu kihifadhiwe, kioshwe au kiondoke, nikiandike. Kwenye kadi ile alifuata bila kuuliza na kazi ilikwenda vizuri, amesema, na kadi haibadilishi maneno kama mtu. Kwa kweli hapo nimemkubali. Ni mtu wa utaratibu.


Alhamisi, 13 Machi

Nyumbani hakuna usalama. Nimehamishia shughuli stoo. Nimelizungushia jambia kitambaa chenye maji ya chumvi, nikaliingiza ndani ya bomba pana la inchi nne, nikaziba matundu kwa karatasi. Bomba likawa katikati ya mabomba hamsini. Nani atalijua?

Mimi mwenyewe sikulijua. Saa nne asubuhi fundi bomba mmoja alinunua bomba moja la inchi nne na nikamfungia kwa mikono yangu. Nikamalizia na neno zuri la karibu tena. Dakika mbili baadaye nikakumbuka.

Nimekimbia. Nikapita duka la viatu, nikapita shule, nikakata kona mbili, na glavu zangu ndefu mikononi. Nilimkuta anavuka barabara, bomba begani, na ndani yake kinagonga kitu. Nilimwambia bomba hilo lina kasoro. Akasema analipenda hivyo hivyo. Nikamwambia nampa refu zaidi. Akakubali, ila akauliza mbona nalia. Nikasema ni vumbi.

Meneja alinitazama nikirudi na bomba begani. Hakuuliza. Nadhani ameniheshimu.


Ijumaa, 14 Machi

Kutu ipo, lakini ile karoti haikubali kutulia. Nimepata dawa: rangi ya viatu ya kahawia! Nimepaka kwa kitambaa, taratibu, kwa upendo. Imetulia. Imezeeka. Doa la damu ya adui lilikwenda na jivu la mama mkwe, kwa hiyo nimeweka jingine kwa rangi ya viatu nyeusi. Nimeliweka kubwa kidogo. Adui alikuwa mtu mnene.

Hotuba yangu ina kurasa nne. Nimegundua, kwa kuunganisha dalili, kwamba Babu Ukoko alikuwa kamanda. Mke wangu aliuliza ushahidi uko wapi. Nikamwonyesha doa. Akasema doa hilo aliniona nikilipaka. Ndiyo shida ya kuoa mtu mwangalifu.

Amesisitiza kesho twende na Mama, atoke kidogo nje, amechoka kukaa. Sawa. Atakaa safu ya nyuma. Ana madhara gani?


Jumamosi, 15 Machi

Naandika jioni hii hii.

Ukumbi wa chama uko juu ya duka la dawa. Viti vya plastiki, meza moja, kitambaa cha kijani. Kanali alikaa mbele na koti lililopigwa pasi mpaka limesimama lenyewe. Dada yake alikuja! Akakaa upande wa pili wa njia, mkoba magotini, uso mbali. Wanachama kama thelathini.

Nilizungumza dakika ishirini. Nilieleza mapigano, makali yaliyolika, adui mnene. Niliposema neno kamanda, Kanali alinyoosha mgongo kama kijana. Dada yake akasonya. Yule mzee alikuwa na furaha kubwa kiasi kwamba kwa muda mfupi na mimi niliamini. Nilikaa nikapigiwa makofi.

Akaja Lenzi. Akainama. Akapitisha kidole kwenye ubapa, akakitazama kidole, akakinusa. Akawatangazia wanachama, kwa sauti ya mtu anayesoma habari, kwamba inaonekana kamanda alikuwa akiliweka jambia lake ndani ya kiatu.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mwenyekiti alicheka mpaka meno yake yote nikayaona, na ni mazuri.

Kanali hakucheka. Alisimama akaja mpaka mezani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, mwanangu, umekifanya nini kisu cha babu yangu? Hakusema kwa hasira. Afadhali angenipiga. Nilitafuta uongo, mimi ambaye sijawahi kuukosa, na haukuwepo. Niliona aibu kweli. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Ndipo kiti kikalia nyuma. Mama mkwe alisimama, akaomba radhi kwa mguu wake unaomchelewesha, akaja mbele polepole. Akasema, wazee wangu, samahanini, hiki kisu mimi nimekisafisha mara mbili kwa mikono hii, kila nikikisafisha huyu mkwe wangu anakichafua, na sijui ana nini. Akachukua glasi ya maji ya Mwenyekiti, akachovya ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akafuta. Rangi ya viatu ikatoka. Karoti ikatoka. Akaligeuza upande wa pili, akafuta chini kidogo ya mpini, akamkabidhi Lenzi. Akasema: haya, soma, wewe mwenye jicho la ziada.

Lenzi akainama. Lenzi ikamdondoka jichoni! Sijawahi kuona hata siku moja. Akasoma kwa macho matupu. Yalikuwa maandishi ya vitone, yamegongwa kwa msumari: UKOKO. JIKO LA KIKOSI CHA TATU.

Mama mkwe akaeleza kwamba maandishi hayo yalijitokeza siku ya kwanza tu, jivu lilipoingia. Mwenyekiti akamuuliza mbona hakusema. Akasema hakuna aliyemuuliza, na mwenye macho haambiwi tazama. Akaongeza kwamba lile tumbo la kisu ni vitunguu, alilisema tangu Alhamisi ya wiki iliyopita, na mtu aliyekata vitunguu mpaka chuma kikaisha hakuwa akipikia watu wawili watatu.

Dada yake Kanali aliinuka. Alivuka njia. Alisimama karibu na kaka yake akayatazama maandishi muda mrefu. Akasema, mpishi, si nilikwambia. Kanali akasema, vitani, si nilikwambia. Kisha wote wawili wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja, wameshika mpini mmoja kwa mikono minne, wanasema Ukoko, Ukoko, kumbe ni hilo, masufuria aliyounguza yalikuwa ya jeshi. Miaka hamsini. Ukumbi mzima ulikuwa unajifuta macho. Lenzi alijifuta lenzi.

Jambia hilo nilikuwa nalo siku kumi.


Jumapili, 16 Machi

Kamati ilikutana jana papo hapo. Mkaguzi Mkuu ni mama mkwe.

Kura zote! Hata Lenzi, ambaye amepewa unaibu na ameshaomba afundishwe matumizi ya jivu. Mama alisema atakubali kwa sharti moja, la kwamba kila jambo liandikwe kwenye kadi, kwa sababu yeye hakimbizani na maneno ya watu. Wakampigia makofi. Kesho kutwa wanaanza kumletea majambia hapa nyumbani.

Mimi walitaka kunifukuza. Aliyenitetea ni Kanali. Alisema lau nisingekuwa mjinga, maandishi yale yangebaki chini ya kutu mpaka mwisho wa dunia. Ni maneno mazuri ukiyachukua kwa jumla. Basi nimeachwa, tena nimepewa kazi: Mwandishi wa Kadi.

Wengine wangeona nimeshushwa. Mimi naona mbali. Mkaguzi ni nani bila kadi? Na mambo yote haya yalianzishwa na nini kama si kadi yangu? Watu wawili waliokosana nusu ya maisha yao leo wamekula meza moja kwa sababu mimi niliandika maneno mawili nikakataa kufafanua.

Kanali amenipigia simu kunishukuru. Amesema dada yake anamtembelea tangu asubuhi na ameshaanza kupanga upya kabati zake.

Mke wangu ameniuliza nimejifunza nini. Nikamjibu mengi. Kubwa ni kwamba zipo rangi za viatu zisizo na harufu.


Jumanne, 18 Machi

Kazi imeanza rasmi! Mwenyekiti amepita asubuhi na mapema kabla ya kufungua kliniki, ameleta jambia lake mwenyewe. Hili ndilo fahari ya chama. Ala ya fedha, mpini wa pembe nyeupe usio na ufa hata mmoja, daraja la Safi Kabisa tangu chama kianzishwe. Alilirithi kwa baba yake. Amesema halijawahi kulala nje ya nyumba yake hata siku moja. Amemwachia Mama, naye Mama yuko nyuma anafunga mizigo yake ya Jumanne.

Nikaona nilitazame kidogo kwanza. Mwandishi lazima ajue anachoandika.

Nimegundua kitu! Kwenye makali, ukilielekeza dirishani, kuna mistari midogo ya mshazari. Mtu amelinoa kwa tupa. Tupa ya chuma, ile ya mafundi seremala na wahunzi! Kasoro kubwa, na haikuonwa na mtu yeyote, si Mwenyekiti, si mkaguzi wa zamani, si Lenzi na jicho lake. Mimi nimeiona.

Mke wangu alikuwa anatoka kwenda kazini. Akanishauri, safari hii, niandike sentensi kamili: makali yamenolewa kwa tupa. Maneno manne. Kadi yenyewe ni ndogo. Nikamwambia fani ina lugha yake. Akanitazama, akatazama saa, akaondoka.

Nimeandika neno moja tu, kwa herufi kubwa: TUPA. Linatosha. Nimeifunga kadi kwenye mpini kwa uzi mwekundu, nimeliweka jambia kwenye meza ya karibu na mlango ambapo Mama hawezi kulikosa, nikaja chumbani kuandika haya. Nasubiri kuona uso wake atakapotambua kwamba mkwe wake naye ana macho.

Honi imelia nje mara mbili. Namsikia Mama anapita sebuleni. Kwa mguu ule, anakwenda haraka kweli.

Sasa ananiita kutoka getini. Anasema kadi ameiona na ameshafanya kama ilivyosema. Alisita kidogo, anasema, maana kilikuwa kizuri, lakini kadi ni kadi. Nimefurahi sana. Mkaguzi mzuri lazima asite kidogo.

Nimemjibu kwa sauti ya kutosha kufika getini: Asante, Mama!